Pepsiman au Donald wa McDonald's, niweke gemu gani?

Mzee wa Pedi: Wakuu habari za jioni. Simu imejaa picha za harusi ya shemeji, nafasi nnayo ya gemu moja tu kwenye emuleta (ile programu ya kuchezea magemu ya mashine za zamani). Nataka yale magemu ya Kijapani ambayo ni tangazo tupu. Nimebaki na matatu: Pepsiman ya PS1 (1999), Donald Land (Donald yule kikaragosi wa McDonald's) ya Famicom, mashine ya Nintendo (1988) na McDonald's Treasure Land Adventure ya Sega (1993). Lipi?

chuma_cha_kale: Pepsiman mkuu, unauliza? Jamaa wa rangi ya fedha hana hata sura, anakimbia mwenyewe we kazi yako kukwepa magari, kuruka na kuteleza chini ya vitu, mwisho wa steji kopo kubwa la Pepsi linakufukuza kama una deni lake. Kati ya steji moja na nyingine unaona Mmarekani mnene kakaa sebuleni anafakamia pizza na Pepsi, hahusiani na chochote 😂

Bi Kitufe: Inachekesha siku ya kwanza tu. Kuna sehemu kichwa kinanasa kwenye pipa, kushoto inakua kulia na kulia inakua kushoto, mi kwenye kioo cha simu nilikufa mpaka mtoto wa dada akanipokonya simu. Treasure Land wametengeneza kampuni ya Treasure, wale wale wa gemu la Gunstar Heroes, Donald anarusha skafu yake inanasa kwenye ndoano anapanda juu, yani hilo ni gemu kamili hata ukifuta nembo.

Mzee wa Pedi: Kwani si anaitwa Ronald?

Bi Kitufe: Japan ni Donald kaka.

otieno254: Donald Land ni ya kampuni ya Data East, unarusha matofaa yanalipuka. Iko sawa lakini yanadunda kabla ya kulipuka, kumpiga adui aliye karibu ni balaa. Pepsiman ndo baba yao Subway Surfers, lile gemu la simu la kukimbia, bana, hiyo ya 1999 ilitangulia miaka 13 nzima.

chuma_cha_kale: Waambie!

Bi Kitufe: Baba gani, Crash Bandicoot wa PS1 alishakimbizwa na jiwe 1996.

otieno254: Sawa, babu basi. Afu Mzee, ile ya Famicom haifiki hata MB moja na ya Sega nayo ni kidogo tu, kinachokula nafasi ni CD ya Pepsiman peke yake. Si uweke hizo mbili zote?

Mzee wa Pedi: Duh. Nishafuta picha za shemeji.