Mjadala: Je, memori kadi ya bei nafuu yaweza kuchukua nafasi ya diski ngumu?

Mleta mada

Hoja yangu ni kwamba kompyuta ambayo kazi yake kubwa ni kusoma, yaani kuwaka, kufungua programu zilezile kila siku na kuonyesha maandishi, haina haja ya diski ngumu; memori kadi ya bei nafuu inaitosha. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaobeba kichwa cha kusomea. Kila faili linapoitwa, mkono husogea, kisha husubiri sehemu inayotakiwa izunguke hadi ifike chini ya kichwa. Ni milisekunde kumi hivi tu, lakini mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, unapowaka huita maelfu ya mafaili madogomadogo, na hapo ndipo mtumiaji huketi akiisikiliza diski ikikoroma. Kadi haina kinachozunguka wala kinachosogea, na kompyuta ikianguka ikiwa kazini hakuna kichwa cha kukwaruza sahani.

Wala jambo hili si geni. Kadi za CompactFlash, zilizotoka mwaka 1994, zilielewana moja kwa moja na ATA, yaani mfumo wa kuunganisha diski na kompyuta, hata adapta ya kuunganisha pini tu ilitosha kuzifanya zionekane kama diski. Raspberry Pi nayo, ile kompyuta ndogo ya bei nafuu, tangu mwaka 2012 imezoeleka kuwaka kwa kadi ya SD. Anayepinga aseme anapinga lipi.

Mchangiaji wa kwanza

Napinga hilo neno "nafuu". Kumbukumbu ya flashi, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya kadi, haiandikwi juu ya maandishi ya zamani kama diski. Ni lazima kwanza ifutwe, na haifutiki kidogokidogo bali kwa mafungu makubwa. Jina lake lenyewe limetokana na hilo: Fujio Masuoka wa Toshiba alipoitambulisha mwaka 1984, ufutaji wake wa mkupuo mmoja ulifananishwa na mmweko wa kamera. Sasa tazama kinachotokea programu inapotaka kubadilisha kilobaiti nne tu. Kidhibiti kilichomo ndani ya kadi hulazimika kutafuta mahali palipokwisha kufutwa, na pasipopatikana, hukusanya vilivyo hai katika fungu zima, huvihamishia kwingine, hufuta fungu, ndipo huandika. Diski za flashi za bei kubwa zina kidhibiti chenye uwezo wa kuipanga kazi hiyo na kuusambaza sawasawa uchakavu unaoletwa na kufutafuta huko. Katika kadi rahisi, hicho ndicho kilichobanwa ili bei ishuke.

Tena msidanganywe na nambari iliyochapishwa juu ya kadi. Daraja la 10 huahidi megabaiti 10 kwa sekunde za kuandika mfululizo, kama kamera inavyorekodi video, na halisemi lolote kuhusu kuandika vipande vidogo vilivyotawanyika, jambo ambalo ndilo maisha ya kompyuta. Alama ya A1 ndiyo iliyokuja kugusa jambo hilo, kwa kudai kadi iweze angalau kuandika mara 500 na kusoma mara 1,500 kwa namna hiyo kila sekunde.

Mimi mwenyewe niliendesha kompyuta ndogo kwa kadi rahisi kwa miezi kadhaa. Siku moja nilifuta faili, nikazima mashine, nikaiwasha, nikalikuta faili palepale. Nikalifuta tena, likarudi tena. Kadi ilikuwa imejifunga, inakubali kusomwa tu, lakini haikuwa na adabu ya kuniambia.

Mchangiaji wa pili

Mnaligusa jibu bila kulishika: ni nani anayeandika kwenye kadi hiyo? Mara nyingi si mtumiaji. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikiwa ndogo, mfumo huhamishia mzigo wake kwenye kadi saa zote; kivinjari nacho huhifadhi vipande vya kurasa bila kuulizwa, na kumbukumbu za matukio huandikwa hata mwenye mashine akiwa amelala. Zimeni uhamishaji huo, pelekeni mafaili ya muda kwenye RAM, na kadi ileile itaishi muda mrefu zaidi. Ila ipimeni siku mnayoinunua, kwa kuijaza yote na kusoma kilichoandikwa, kwa maana zipo zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 128 ilhali ndani zina chache, na yanayozidi hupotea kimyakimya.

Mleta mada

Nakubali kwamba nilizungumzia kusoma kana kwamba kompyuta husoma tu, na kisa cha faili linalorudi kimenishtua kuliko nambari zote. Basi naipunguza hoja yangu: mfumo endeshi ukae kwenye kadi, uhamishaji wa RAM ukiwa umezimwa, na kazi za mtu zikae kwenye diski, ambayo mara nyingi huanza kugonga na kusuasua kabla ya kufa. Lakini sikubali kwamba bei nafuu ni hukumu tosha. Kadi inayowasha mashine, ikiwa nakala yake kamili imehifadhiwa kwingine, ikifa hubadilishwa kwa dakika chache, na hakuna barua wala picha iliyokwenda nayo. Je, mchangiaji wa kwanza bado anapinga hata hapo?

Mchangiaji wa kwanza

Hapo sipingi. Ila hiyo si kadi badala ya diski tena. Ni kadi pamoja na diski.