Wauza balbu za projekta hapa Mombasa, mnatuibia mchana kweupe!

Jamani, nimechoka na nimekasirika. Projekta yangu ndiyo tunayotazamia mpira hapa Kisauni, na watoto wa majirani wote hujazana ukumbini kwangu. Balbu yake ya kwanza ilinipa saa 4,300, na si kwa bahati. Niliitunza. Naiwasha kwenye ile hali ya kubana umeme, filta naipangusa vumbi kila Ijumaa, na nikizima sing'oi plagi mpaka feni inyamaze yenyewe. Stima ikipotea katikati ya mechi, balbu huwa ya moto mno, kwa hiyo hata watu wapige kelele vipi, nangoja ipoe ndipo niwashe.

Ilipofifia sana nikaenda duka moja mjini, nikalipa shilingi 9,500 kwa balbu "mpya". Wiki ya tatu picha ikawa ya manjano, ikaanza kupepesa. Nikaichomoa nikaitazama juani. Kile kitone cha kioo cha katikati kimeingia ukungu mweupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Skrubu za kasha zimeliwa vichwa. Mita ya projekta, ile inayohesabu saa za balbu, ilikuwa ikisoma saa 61! Balbu ya saa 61 haiwi hivyo wallahi. Wamechukua balbu iliyokwisha kazi wakaivisha kasha jipya, na mimi nikairudisha mita kwenye sifuri kama walivyonielekeza. Ile mita haiijui balbu. Inahesabu tu tangu ulipobonyeza.

Nimewapelekea, wananijibu, "Umeme wa kwako mbovu." Umeme gani? Ya kwanza imekaa miaka mitano kwenye soketi hiyohiyo, na joto lote la kaskazi imelipita!

Na hili si la pesa tu. Ndani ya balbu hizi mna zebaki, na ikiwaka presha yake ni kubwa mno. Ikichakaa inaweza kupasuka, na watoto wa watu wamekaa hapo chini yake. Muuzaji anayajua hayo na bado anauza.

Kabla hujalipa, mwambie aitoe kwenye boksi, uangalie kioo na skrubu. Usikiguse kioo kwa vidole, mafuta ya mkono yanakiharibu.

Jumamosi asubuhi narudi dukani na balbu na risiti mkononi. Kama nawe uliuziwa hivi, niandikie hapa chini twende pamoja.