Tupeane uzoefu: chizikeki ya friji, bila oveni (yangu tumeinywa kwa glasi)

Mama Wawili, Mbagala

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Nimekuja na aibu yangu mkononi.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya wifi yangu. Oveni sina, nina jiko la gesi na friji ndogo, nikasema basi nitatengeneza ile chizikeki ya kugandisha isiyookwa. Niliiona kwa jirani, ikaonekana kazi ya dakika 20.

Biskuti nikasaga, siagi nikayeyusha, nikashindilia chini ya chombo, kile cha ukuta unaofunguka. Hadi hapo safi. Kasheshe ikaja kwenye krimu. Nimepiga nusu saa nzima, mashine imeanza kunuka kuungua, krimu iko vilevile kama maziwa ya chai. Nikajidanganya kwamba friji itamalizia. Nikachanganya na chizi (jibini laini) na sukari, nikamimina, nikalala.

Kesho yake nikafungua ukuta wa chombo mbele ya wageni. Jamani! Ikashuka yote mezani kama uji wa mgonjwa. Wifi, Mungu ambariki, akachukua kijiko akaikomba na kuigawa kwenye glasi, tukanywa. Baba mkwe, ambaye tangu asubuhi anasikia tu "keki ya chizi, keki ya chizi", akauliza kwa upole: "Sasa huyo chizi ndiye aliyeipika?"

Haya, kila mtu alete yake. Zilizofaulu karibuni, zilizoharibika karibuni zaidi.

Vanila Tupu

Pole dada. Bila hata kuuliza, ulinunua krimu ya kupikia. Geuza boksi usome mafuta. Krimu ya kupiga inataka asilimia 35 hivi, ikiwa chini ya 30 utaipiga hadi Pasaka. Zinakaa rafu moja dukani na maboksi yanafanana, wengi tumeliwa hela hapo.

Jambo la pili ni joto. Kinachoisimamisha krimu ni mafuta yaliyo baridi, na jiko la Dar mchana wa Januari limekuwa sauna. Mimi bakuli na vile vyuma vya mashine navitia friza robo saa, krimu yenyewe inalala kwenye friji tangu jana yake. Ikisimama, acha. Siku moja nilinogewa na umbea wa simu huku mashine inazunguka, nikapata siagi. Watoto walipaka mkate wiki nzima.

Ila chizi ni kinyume chake: itoe nje mapema ilainike, upige na sukari peke yake hadi iwe nyororo. Ikiingia baridi inaacha mabonge, na mabonge hayo hayatoki tena. Krimu iliyosimama iingize mwishoni, kwa mwiko, taratibu. Mashine weka pembeni.

Mpenda Tamu, Tabata

Mimi yangu ilikuwa ngumu chini. Niliona siagi ni tamu nikaongeza. Shemeji alikata kwa kisu, kisu kikateleza, kipande kikaruka hadi kwenye kochi. Sasa hivi nusu ya uzito tu: biskuti gramu 200, siagi 100. Basi.

Binti wa Muheza

Mimi nilifuata kila kitu, krimu sahihi, gelatini (ile ya kugandisha) sahihi, na bado iliniaibisha. Nisikilizeni.

Kwetu msimu wa mananasi ukifika hujui uyapeleke wapi. Nikasema nitengeneze ya nanasi. Nikasaga nanasi bichi, nikachanganya humo na gelatini, usiku mzima kwenye friji. Asubuhi majimaji. Nikadhani gelatini imeoza, nikanunua nyingine, nikaongeza dozi. Majimaji tena! Nikaanza kuhisi nina jini la chizikeki.

Aliyenifumbua macho ni mama, ambaye gelatini hajawahi kuishika. Akaniuliza, "Kwani nyama ya mishkaki ikiwa ngumu unaipaka nini?" Papai bichi, nikamjibu. Akasema, "Na nanasi si hivyo hivyo? Ukila jingi ulimi unawaka." Kumbe kweli. Gelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ni nyama tu kwa sura nyingine, na nanasi lina kitu kinachoitafuna. Papai na kiwi vilevile. Dawa ni moto: chemsha nanasi na sukari dakika chache hadi lichemke kabisa, lipoe, ndipo utumie. La kopo halina shida kwa sababu lilishapikwa kiwandani.

Siku hizi nikiwa na haraka naweka pasheni juu. Haina ugomvi na mtu.

Vanila Tupu

Mama yako apewe kiti cha mbele. Mimi miaka yote nilikuwa nalaumu friji.

Bi Karafuu, Unguja

Assalamu alaykum. Kwenye hiyo gelatini someni pakti vizuri, kwani nyengine ni ya nguruwe. Ya ng'ombe yenye alama ya halali ipo, lakini mimi nimeshazoea chaina grasi, ile tunayofanyia halua ya maziwa Ramadhani. Inatokana na mwani, na mwani sisi hatuuonei ugeni.

Lakini tabia zake sizo za gelatini. Gelatini unairoweka kwenye maji ya baridi, kisha unaiyeyusha kwa moto mdogo na usiichemshe. Chaina grasi lazima ichemke hasa mpaka iyeyuke yote. Na inaganda ikingali na uvuguvugu, haingoji friji. Mara ya mwanzo niliimwaga kwenye chizi iliyotoka kwenye baridi, papo hapo ikawa nyuzinyuzi, mtu akila anahisi kama anatafuna tambi. Sasa natia chizi kidogo kwenye chaina grasi ya moto, nakoroga, ndipo narudisha yote kwenye bakuli, na chizi yenyewe iwe si baridi. Haraka haraka, bila kupokea simu.

Msaka Bei, Morogoro

Ushauri mzuri wote huu, ila hakuna aliyegusa bei ya hiyo chizi. Kwa pesa ya pakti mbili mimi nanunua kuku. Hakuna mbadala?

Mkaazi wa Muscat

Upo mdogo wangu. Huku tunatumia labne, ni mtindi uliochujwa maji mpaka ukawa mzito kama siagi laini. Dukani ipo tele, lakini nilipokuwa nyumbani mama alikuwa anaufanya mwenyewe. Mimina mtindi mzito usio na sukari kwenye kitambaa safi cha pamba, funga, uning'inize ndani ya friji juu ya bakuli usiku kucha. Lita moja inakupa kama theluthi yake, na ukiuacha siku ya pili unakaza zaidi. Una ukali kidogo, kwa hiyo ndimu punguza.

Usifanye kosa langu la kuchemsha maziwa na kuyakata kwa ndimu ukadhani ndiyo hiyo chizi. Ile inatoka chengachenga. Niliisaga mara tatu, bado mdomoni ni kama mchanga wa pwani.

Keja Ndogo, Nairobi

Sisi huku baridi tunayo, shida ni vyombo. Sina ile sufuria ya kufunguka, kwa hivyo natengeneza kwa vikombe vya plastiki vyenye kifuniko na nauzia watu wa ofisi. Hakuna kukata, hakuna kubomoka, na hata isiposhika vizuri mteja anakula na kijiko, hajui. (Mama Wawili, zile glasi zako zilikuwa biashara, hukujua tu.)

Za kupeleka mbali nazilaza friza usiku, bodaboda anazibeba zikiwa jiwe, zinafika zimelainika vile zinatakikana. Kuna moja nilituma bila kuigandisha, mchana, na jam ya Thika Road. Mteja alinitumia picha bila maneno yoyote.

Msaka Bei, Morogoro

Na umeme ukikatika?

Keja Ndogo, Nairobi

Stima ikipotea usifungue mlango wa friji. Ikibaki imefungwa hushika baridi kama masaa 4. Yakipita hayo, mimi namwaga. Nimelia lakini nimemwaga. Maziwa si kitu cha kubahatisha na tumbo la mteja.

Mama Wawili, Mbagala

Wakuu nimerudi. Jumapili nimejaribu tena. Labne ya nyumbani kutoka lita mbili za mtindi, krimu ya kupiga mililita 250, sukari laini gramu 100, gelatini kijiko kimoja cha chakula, pasheni juu. Bakuli lilikaa friza. Umeme ulikatika saa tatu usiku, nikakaa kwenye kigoda mbele ya friji kama askari wa benki nisije nikaona mtoto anafungua. Ukarudi saa tano kasoro.

Asubuhi nimefungua ukuta wa chombo huku nimefumba macho. Imesimama! Pembeni imeinama kidogo kama mnara wa msikiti uliojengwa kwa michango, ila imesimama.

Baba mkwe amekula vipande viwili, akafuta ndevu, akaniuliza: "Na yule chizi mwenyewe, hajambo?"