Eti violeti ni ua la Ulaya!!! Yule muuza maua leo kanimaliza

Dada wa Soni: Wakuu, leo sina hata nguvu ya salamu. Yule muuza maua mnamjua, wa pale njiani chini ya mwarobaini, mwenye kopo la kumwagilia alilolitoboa kwa msumari. Huyo huyo. Mwezi jana kaniuzia violeti elfu ishirini na tano, kakopo kenyewe kama ka mtindi. Akasema lianike juani, limwagilie asubuhi na jioni mpaka majani yalowe. Nikatii kama mgonjwa. Leo shina limeoza, linanuka kisamvu cha juzi.

Nimemrudishia. Kaliangalia, kasonya: "Dada, hili ua la Ulaya, watu wa kwetu hawaliwezi."

La Ulaya! Ananiambia mimi! Msambaa! Ua limetoka milima ya Usambara, Mjerumani aliyekuwa mkubwa wa serikali yao kule Tanga ndiye kalipeleka kwao, mwaka 1893 wakalibandika jina lake, Saintpaulia. Halafu nisimame juani Mwenge niambiwe watu wa kwetu hawaliwezi. WATU WA KWETU! Pesa sitaki. Nataka arudie ile kauli mbele ya bibi yangu aliyezikwa huko huko milimani.

Kibatari: Mbele ya bibi aliyezikwa. Haya.

Mzee wa Mbagala: Msambaa gani anaua ua la kwao? Jamaa kasema kweli.

Bi Vyungu: Mwanangu, violeti na jua la Dar wapi na wapi. Liweke dirishani penye mwanga, jua kali lisiliguse. Maji tia kwenye kisahani linywe kwa chini, yanayobaki mwaga. Majani yana vinyweleo, hayataki kulowa. Kama kuna jani zima, likate na kikonyo chake ulichomeke kwenye udongo mwepesi. Ukivumilia litatoa watoto.

Dada wa Soni: Limebaki moja, ahsante bibi. Lakini KASEMA LA ULAYA.

Mtoto wa Ilala: Afadhali wewe. Kuna fundi cherehani Kariakoo ana kitambaa changu tangu Idi, kila nikipiga simu yuko kwenye vifungo.

Kibatari: Yule wa ghorofani? Ana gauni la harusi la dada yangu. Dada sasa ana watoto wawili.

Dada wa Soni: Jamani, uzi wa maua huu.

Mzee wa Mbagala: Huyo fundi mwacheni, ni shemeji yangu. Ila na mimi ana suruali yangu.