Mliowahi kufanya kazi kwenye majumba ya sinema, tupeane uzoefu

Kishubaka: Wakuu, salaam. Nimeona video ya ukumbi wa sinema unavunjwa. Mafundi wanaburuta viti vyekundu safu nzima vikiwa bado vimeungana, na mmoja anapiga nyundo kwenye kile kidirisha cha chumba cha projekta. Mimi nilikuwa mkata tiketi, roho imeniuma. Waliopita huko, waendesha mitambo, wauza bisi, watu wa tochi gizani, karibuni. Nataka hasa ile siku mambo yaliharibika na ukumbi umejaa. Wale wa "sinema imekufa, tunaangalia kwenye simu" pumzikeni kwanza.

MzeeKaboni: Umenikumbusha mbali. Nyie wa taa za xenon mmekuta mambo mepesi. Sisi mwanga ulitoka kwenye njiti mbili za kaboni zinazorushiana cheche. Zinaliwa taratibu, ukizubaa zinaachana, picha inageuka njano, kisha kiza, na ukumbi mzima wanakupigia miluzi. Aliyenifundisha kazi aliwahi mikanda ya naitreti, ile ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliacha kuitengeneza. Ikishika moto huizimi. Inajitolea oksijeni yenyewe, inawaka hata ndani ya maji. Ndiyo maana vyumba vya zamani vina vibao vya chuma juu ya vile vidirisha, moto ukitokea vinaanguka vyenyewe na kuziba. Watazamaji wanaokoka, opareta utajijua.

FundiLenzi: Mambo mepesi? Balbu ya xenon ina gesi iliyoshindiliwa, mzee wangu. Tunaibadilisha tumevaa ngao ya uso na glavu. Ikipasuka mkononi hakuna cha miluzi.

MzeeKaboni: Haya, mwanangu, nawe shujaa.

MtuWaTochi: Na zile kelele za "Opareta kalaaa!" Nimecheka peke yangu.

RiliYaTatu: Ngojeni niwape yangu. Nakala moja ya mkanda ilikuwa inagharimu zaidi ya dola elfu, kwa hiyo tajiri mwenye kumbi mbili anachukua nakala moja tu. Ukumbi wa kwanza unaanza, wa pili unafuata baada ya nusu saa na ushee. Rili, yaani kipande kimoja cha filamu, ikiisha kule inarudishwa mwanzo, inatiwa kwenye kopo la bati, kijana anapanda baiskeli anaikimbiza huku. Rili moja ni dakika ishirini hivi. Mkipanga saa vizuri, mtazamaji hajui kitu.

Mimi nilikuwa ukumbi wa pili. Siku hiyo watu wamekaa hadi kwenye ngazi. Rili ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu haijafika. Nikaona alama, kile kidoa cha mviringo juu kulia kinachokwambia uwashe mota ya mashine ya pili. Mashine ya pili tupu. Kikaja kidoa cha kubadilishia. Nacho kikapita. Skrini nyeupe.

Na mahali penyewe palipokatika sasa! Steringi ananing'inia kwenye jabali kwa mikono, jambazi anamkanyaga vidole.

Mwanzoni miluzi. Baadaye wakaanza kupiga sakafu kwa miguu, nasikia mpaka juu kwangu. Meneja akaja mbio: "Weka chochote!" Chochote kilichokuwepo ni tangazo la sabuni. Nikaliweka. Likaisha, nikaliweka tena. Kufika mara ya tatu ukumbi mzima unaimba wimbo wa sabuni kwa kupokezana, wa juu na wa chini.

Kumbe kijana kapata pancha. Akatokea na kopo kichwani, jasho linamchuruzika, baiskeli kaitelekeza njiani. Nafungua kopo: rili ya nne! Meneja akasema funga hiyo hiyo. Nikafunga. Steringi yuko mezani anakula, kavaa suti. Watu wakitoka, namsikia mama mmoja anamuuliza mwenzie, "Sasa kule kwenye jabali alipandaje?" Mwenzie akamjibu, "Wewe nawe. Steringi hafi."

Kishubaka: Nimekufa mimi 😂😂

Mhakiki: Chai hii, tena ya maziwa. Kama rili ya tatu ndiyo kwanza imetoka ukumbi wa kwanza, basi ya nne ilikuwa juu ya mashine kule inaonyeshwa. Ilifikaje kwako?

RiliYaTatu: Soma vizuri, mkuu. Pancha aliipata akienda kuchukua, si akileta. Alipofika kule kwa miguu zote mbili zimeshatoka, akapewa kopo ambalo silo.

Mhakiki: Hukuandika hivyo mwanzo.

RiliYaTatu: Ulitaka nichore ramani?

DadaSeva: Nyie wa pancha mna raha, mnajua wa kumlaumu. Mimi nilikuta digitali. Filamu inakuja kwenye diski imefungwa, ufunguo wake, yaani msimbo wa kuifungua, unatumwa kando, na ufunguo unatambua mtambo mmoja tu, tena una saa ya kuanza na saa ya kufa. Mchana wa siku ya uzinduzi fundi kabadilisha kifaa kimoja ndani ya mtambo kwa vile kilikuwa kinakorofisha. Jioni nabonyeza, mtambo unagoma. Ufunguo ulitolewa kwa kile kifaa cha zamani! Filamu ipo, umeme upo, watu wapo. Nawapigia watoa ufunguo, kwao ni usiku wa manane. Tukarudisha pesa za tiketi, foleni hadi nje. Za bisi hatukurudisha.

TajiriMstaafu: Na hizo za bisi ndiyo biashara yenyewe. Wiki ya kwanza msambazaji anaweza kuondoka na zaidi ya nusu ya tiketi. Fungu lako linanenepa wiki zinavyosogea, wakati viti vinabaki vitupu. Projekta ya digitali nayo ni makumi ya maelfu ya dola. Wenye ukumbi mmoja wengi tulifungia hapo.

SimuTu: Sasa mnakasirika nini tukisema mmekufa? Nasubiri wiki chache, naangalia kitandani.

TajiriMstaafu: Mlianza kutuzika tangu televisheni. Marekani watazamaji walifika kilele 1946, kisha wakaanza kubaki majumbani. Tukatanua skrini, 1953 ikaja CinemaScope, ile picha pana. Ikaja mikanda ya video, kumbi kubwa tukazigawa vipande. Kilichotuumiza kweli ni muda. Zamani filamu ilikuwa yetu kama miezi mitatu. 2020 studio ya Universal na wenye kumbi za AMC wakakubaliana siku 17.

MtuWaTochi: Ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, walianza na watazamaji 33 waliolipa, pale Grand Café, Paris, 28 Desemba 1895. Jumanne za kwetu hatukuwafikisha.

Kijana_wa_Mtaji: Shikamooni wakubwa. Nataka kufungua ukumbi mdogo, viti hamsini.

TajiriMstaafu: Marahaba. Usifungue.

DadaSeva: Fungua, ila sauti iwe nzuri kuliko picha. Picha nzuri anayo nyumbani.

SimuTu: Uza bisi tu, sinema iwe bure.

TajiriMstaafu: Kwa mara ya kwanza huyu kasema la maana.

Kishubaka: Nami nina swali. Nina rili mbili nilipewa, zimeanza kunuka siki. Nifanyeje?

MzeeKaboni: Ni asetati, plastiki ya mkanda wenyewe, inaoza. Zitenge haraka, harufu ile inaambukiza mikanda mingine. Ziweke pa baridi na pakavu, kopo lipumue.

MtuWaTochi: Zifute na mafuta ya taa.

FundiLenzi: Usithubutu!

Mhakiki: Ni rili ya ngapi na ya ngapi?

Kishubaka: Ya pili na ya nne.

RiliYaTatu: Mnaona sasa?