GPS ya mkononi, simu, kishikwambi au droni: ipi inafaa kupima mashamba ya viazi Uporoto?

ViaziUporoto (Mbeya)
Habari za kazi ndugu zangu. Tuko watu watano, tunafuatilia mnyauko bakteria wa viazi mviringo katika vijiji vinne vya safu ya Uporoto. Tunataka kupima mashamba kama mia tatu, tujue yapi yameugua, nani analima juu yake na nani chini yake, kisha turudi kwa wananchi na majibu kabla hawajaanza kupanda tena. Ugonjwa huu unasafiri na maji, na udongo ulioganda kwenye jembe, na mbegu yenyewe. Kwa hiyo ramani isiyoonyesha mteremko hainisaidii.

Njia ninazozipima ni nne: GPS za mkononi (tunazo mbili za zamani), simu janja zenye KoboToolbox (programu ya kujaza fomu), kishikwambi chenye QField (programu ya kuchora ramani shambani) kazi ikamalizikie kwenye QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), au kukodi droni. Fedha si nyingi. Mliokwisha kufanya kazi hizi, mngeanza na ipi?

KambaNaDira (Iringa)
Kamwene. Nilianza kupima kwa kamba na dira, na mpaka leo nikitaka kuhakiki kipimo cha shamba dogo narudi huko huko.

GPS ya mkononi usiitupe. Inakula betri za kawaida ambazo duka la kijijini linazo, na manyunyu ya huko kwenu hayaisumbui. Shida ni kwamba inakupa nukta tupu. Unaandika kwenye daftari "nukta ya 47, shamba la fulani", na ukiruka namba moja, mashamba yote yanayofuata yanapewa wenyewe wasio wao. Niliwahi kurudia siku tatu nzima za kazi Kilolo kwa kosa la namna hiyo.

Pia angalieni mashine zote zisome WGS 84, yaani mfumo wa vipimo vya mahali unaotumiwa na GPS. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukizichanganya, nukta zinahama mita 300 hivi, na shamba la kando ya mto linakaa kilimani.

DadaFomu (Mbeya)
Kaka, mimi nasema Kobo, na sababu yangu ni mnyauko wenyewe. Kwenye fomu moja unaweka eneo la shamba, mbegu ilitoka kwa nani, msimu uliopita palipandwa nini, na picha ya kipimo cha glasi. Kipimo hicho mnakijua: unakata kipande cha shina karibu na udongo, unakining'iniza kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, unasubiri dakika chache. Kama ni bakteria utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye mkato. Mkulima akiziona kwa macho yake huhitaji kumbembeleza aamini. Picha inabaki na shamba lake, haipotei kwenye simu ya mtu.

Fomu inajazwa bila mtandao, mnatuma mkirudi mjini.

Angalizo ni moja. Usibonyeze mpaka simu ikuonyeshe usahihi wa chini ya mita 5, na ukiwa karibu na miti subiri zaidi. Robo ekari ina upande wa mita 32 tu. Kila kona ikikosewa mita 5, hapo hujapima kitu.

FundiRamani (Njombe)
Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niende QField. Unapakia picha ya setilaiti ndani ya kishikwambi kabla ya kuondoka, mnafika shambani na mwenye shamba, mnaiona picha pamoja. Anakwambia "hapana, mpaka wangu uko kwenye ule mti", nawe unausogeza pale pale. Kwenye Kobo mara nyingi kosa unaligundua ofisini, na mwenye shamba yuko kilomita 40.

QGIS ni ya bure, na data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kutoka angani kwa vipande vya mita 30, ni za bure pia. Ukiziweka chini ya mashamba yako, QGIS inakuchorea maji yanakoelekea, na hilo ndilo jibu la swali lako la nani yuko juu na nani yuko chini. Ila mita 30 ni karibu sawa na hiyo robo ekari. Inakuonyesha bonde, haikuonyeshi mfereji.

Kwa KambaNaDira: Mbeya, Njombe na Iringa mjini wote wako ukanda wa 36 kusini wa UTM (mfumo unaogawa dunia kwa kanda za ramani), lakini ukishuka Ruaha Mbuyuni umeshaingia wa 37. Mashine iachiwe ichague yenyewe.

Kiwira_Mgombani (Rungwe)
Picha za Sentinel-2 je? Ni bure na setilaiti inapita kila baada ya siku 5.

FundiRamani (Njombe)
Ni nzuri kwa mashamba makubwa. Pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10, kwa hiyo robo ekari ni pikseli kumi tu, na nyingi za pembeni zimechanganyika na shamba la jirani. Halafu viazi vikiwa shambani wakati wa mvua, Uporoto iko chini ya mawingu. Rada ya setilaiti nyingine, Sentinel-1, inapenya mawingu, lakini kwenye miteremko mikali picha zake zinapinda. Kwa kazi hii mimi nisingeitegemea.

Mbarali_Juu
Nimerusha droni kwenye majaruba ya mpunga Usangu. Tambarare, kweupe, kazi tamu. Kwa mashamba mia tatu yaliyotawanyika kwenye vilima vyenye ukungu na upepo, sikushauri. Betri moja ni nusu saa ikizidi sana, na vibali lazima uanze kuvifuatilia mapema. Ikiwa mna shamba darasa moja mnalolifuatilia kila wiki, hapo kodisheni.

MzeeUgani (Mbeya)
Wanangu, mmejadili vyombo vizuri. Mimi nilikuwa bwana shamba miaka mingi, naongeza jambo ambalo litawagombanisha na watu msipojiandaa.

Mkulima wa huku anajua ekari ni hatua 70 kwa 70, naye amezitembea juu ya mteremko. Chombo chenu kinapima ardhi kana kwamba imelazwa. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, ekari yake moja ya hatua inasomeka 0.87. Mradi mmoja ulikuja kijijini ukasoma vipimo mkutanoni, mzee mmoja akasimama akasema, "Mmenipunguzia shamba," na kuanzia hapo hakuna aliyesikiliza tena habari za mbolea.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake na kamba ya katani. Tukailaza juu ya udongo hatua chache, kutoka tuta la juu kushuka matuta ya chini yake, tukafunga fundo. Halafu nikashika ncha moja pale juu, yeye akasimama chini na mti mrefu akainua ncha yake mpaka kamba ikalala sawa, jiwe likining'inia kwenye uzi kutoka kwenye ncha ile. Lile jiwe halikugusa alipokuwa amesimama mwanzo. Liligusa chini zaidi. Akalitazama, akaniambia, "Kumbe kilima kinakunja shamba." Siku ile ile alikuja na jirani zake wawili tuwapimie.

Kwa hiyo wapeni namba zote mbili: ya ramani, na ya juu ya mteremko. Matuta anayalima juu ya mteremko, na mbegu anaihesabu kwa matuta.

ViaziUporoto (Mbeya)
Shikamoo mzee, ndaga fijo. Hili sikuwa nimelifikiria kabisa.

MamaVinyungu (Iringa)
Hakuna aliyetaja karatasi, na mimi ndiyo ningeanza nayo.

Tulichapisha picha ya setilaiti ya kijiji kwa ukubwa wa A0 (karatasi ya karibu mita moja kwa mita 1.2), tukaifunika nailoni, tukaitandika sakafuni kwenye darasa la shule ya msingi, tukatoa kalamu za kufutika. Dakika kumi za mwanzo watu walitafuta nyumba zao tu, tukawaacha. Kisha kina mama wanaolima vinyungu, yaani bustani za bondeni, wakaanza kuchora: hapa maji yanatuama, huu mfereji wanafungua juu usiku na asubuhi unafika kwetu na tope. Mifereji ile haikuwa kwenye data ya mtu yeyote. Wanaume waliotutembeza na GPS hawakuitaja kwa sababu si wao wanaochota huko. Kwa ugonjwa unaotembea na maji, kaka, huko ndiko kwenye jibu lako.

Na jingine, tafadhali sana. Msibandike ofisi ya kijiji ramani yenye mashamba yaliyougua kwa rangi nyekundu na majina. Mama anayeuza mbegu za viazi akishaonekana mwekundu, hapati mteja hata akipumzisha shamba na kupanda mahindi misimu kadhaa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo. Mwenye shamba aambiwe lake peke yake, ukutani ikae ramani ya maji na mabonde.

ViaziUporoto (Mbeya)
Nimewaelewa. Tunaanza na karatasi kijiji kimoja kimoja, tukiita kina mama kikao chao peke yao. Mifereji watakayochora naiingiza QGIS, ikawe ndani ya vishikwambi kabla hatujaenda shambani. Shambani ni QField, na maswali ya DadaFomu nayaweka humo humo pamoja na picha ya glasi. GPS za zamani zitabaki kwenye begi, vishikwambi vikizima tuzitoe. Droni hapana. Mashina yenye shaka tutayapeleka TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo.

Swali lililobaki: namwambiaje mwenye shamba lililo chini kwamba maji yanatoka kwa jirani mgonjwa, bila kumtaja jirani?

MamaVinyungu (Iringa)
Usimwambie yanatoka kwa nani. Mwonyeshe yanaingilia wapi, mchimbe naye kingamaji pale juu ya tuta la kwanza. Na yule wa juu uende kwake siku hiyo hiyo, asije akasikia kwa watu.

MzeeUgani (Mbeya)
Na majembe yaoshwe kabla hamjavuka mpaka. Yenu kwanza, wakiona.