Naombeni ushauri: tumbo linajaa gesi kila siku, nitumie dawa gani?

Mwalimu wa Zamu: Wanajukwaa, ninaomba ushauri wenu kwa heshima, ingawa jambo lenyewe linatia aibu. Tangu muhula huu uanze, tumbo langu hujaa gesi kiasi kwamba katika vipindi vya mchana ninalazimika kufungua kifungo cha suruali na kuachia shati lining'inie juu yake, huku tumbo likiunguruma hadi wanafunzi wa mbele wanainama kuficha kicheko. Shuleni tunakula ugali na maharage, chakula nilichokulia. Nimejaribu tangawizi, kisha magadi katika maji ya uvuguvugu; ninacheua, ninapata nafuu, halafu hali inarudi palepale. Ni dawa gani itakayolimaliza tatizo hili?

Shangazi wa Tanga: Pole, mwanangu. Waambie wapishi waloweke maharage usiku kucha, wamwage maji yale, kisha wayachemshe kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga, kwa hiyo zinafika utumbo mpana zikiwa nzima na bakteria wa huko wanazichachusha. Marehemu mume wangu alishikilia kwamba maharage ya kulowekwa hayana ladha, na usiku alilala mlango wazi kwa amri yangu.

Mpiga Soga: Mkuu, kama unafundisha kemia usihangaike kuomba vifaa vya maabara, maana hidrojeni na kaboni dioksaidi unatembea nazo.

Mzee Kiasi: Vijana mnakula kama mnaofukuzwa, mnameza hewa pamoja na tonge, mnashushia na soda, kisha mnauliza dawa. Sisi tulifundishwa kutafuna.

Mtu wa Famasi: Mleta mada, magadi yakikutana na asidi ya tumbo yanatoa kaboni dioksaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya hewa unayofurahia kuicheua umeitengeneza mwenyewe dakika hiyo hiyo. Isitoshe, magadi yana sodiamu nyingi, nayo haimfai mwenye shinikizo la damu. Sasa nijibu: je, unapungua uzito, unatapika, au unaona damu chooni? Na kuna dawa yoyote unayotumia?

Mwalimu wa Zamu: Damu hakuna, kutapika hakuna. Dawa ninazotumia hazihusiani na tumbo.

Mtu wa Famasi: Zitaje, tuone kama hazihusiani.

Mwalimu wa Zamu: Niligundulika kuwa na kisukari wakati wa likizo, nikaandikiwa metformin. Ninaimeza alfajiri kabla ya kupanda daladala, tumbo likiwa tupu, kwa sababu sitaki walimu wenzangu waione. Hata hivyo nimeshaanza kuiruka baadhi ya siku, kwani jirani yangu aliacha vidonge akahamia kwenye unga wa mlonge na sasa ni mzima kabisa. Nimeshalipia nusu ya bei ya kopo, kwa hiyo naomba nisihukumiwe.

Mtu wa Famasi: Hayo yalipaswa kuwa katika sentensi yako ya kwanza. Metformin inajulikana kwa kuleta gesi, kichefuchefu na kuhara, hasa mwanzoni. Ndiyo maana kwa kawaida mgonjwa huanzishiwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 500, ikapandishwa polepole, na huimeza pamoja na chakula. Tumbo likikataa, daktari anaweza kukubadilishia vidonge vinavyoyeyuka taratibu. Kuruka dozi kutaipandisha sukari bila wewe kuhisi lolote.

Mwalimu wa Zamu: Foleni ya kliniki inakula siku nzima, na mkuu wa shule hapendi ruhusa. Jirani yangu hana sababu ya kunidanganya.

Mpekuzi: Wanajukwaa, mimi simwamini huyu. Nyuzi za namna hii tunazijua: mgonjwa analalamika, anataja unga kana kwamba umemponyoka, kisha anatokea mtu wa tatu na namba ya simu. Tena ni mwalimu gani anayejibu saa tano asubuhi, siku ya kazi?

Mwalimu wa Zamu: Saa tano ni mapumziko ya chai. Ningekuwa muuzaji, je, ningeanza kwa kuwasimulia habari za kifungo cha suruali yangu?

Mpekuzi: Muuzaji hodari angeanza hapo hapo.

Shangazi wa Tanga: Awe muuzaji au asiwe, maharage yalowekwe.

Mwalimu wa Zamu: Mtu wa Famasi, achana nao. Nimeze leo pamoja na chakula, au nisubiri daktari?

Mtu wa Famasi: Imeze kwa kiwango ulichoandikiwa, ukiwa unakula, na wiki hii uende kliniki ukawaeleze ulizoruka. Unga usiuanze kabla daktari hajajua, kwa sababu mlonge nao huenda ukashusha sukari, na viwili hivyo kwa pamoja vinahitaji mtu wa kuvipima.

Mzee Kiasi: Mimi pia sukari yangu inapanda. Huyo jirani anaununua wapi unga wake?

Mpekuzi: Mnaona?